Talaat Pasha: karani wa posta aliyeizika Dola ya Uthmaniya pamoja na Waarmenia wake (uzi mrefu)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila mjadala wa kuanguka kwa Dola ya Uthmaniya unapoibuka jukwaani, tunaishia kwa Waingereza na Wafaransa waliogawana ramani, kwa Lawrence, yule ofisa Mwingereza aliyewasaidia Waarabu kuasi, na kwa Sharifu Hussein wa Makka na uasi wake wa 1916. Wote hao walikuwepo na walichofanya kinajulikana. Ila yuko mtu aliyekuwa ndani ya Istanbul kwenyewe, ameshika mihuri ya serikali, na jina lake halitajwi kabisa. Ni Mehmed Talaat, Waziri wa Mambo ya Ndani vita vilipoanza na Waziri Mkuu siku dola ilipokuwa inakata roho.

Hoja yangu naiweka wazi mapema ili mwenye kuipinga ajue anapinga nini. Talaat aliamini dola itapona ikiwaondoa baadhi ya raia wake. Kwa imani hiyo aliendesha mauaji ya kimbari ya Waarmenia, jamii ya Wakristo iliyoishi ndani ya dola hiyo, na kwa imani hiyo hiyo akaimaliza dola aliyodai kuiokoa. Wanaomwita mzalendo aliyezidiwa na nyakati, na mauaji yale wakayaita ajali ya vita, sikubaliani nao hata kidogo, na nitaeleza kwa nini.

Tuanze alikotoka. Talaat alizaliwa 1874 huko Kardzhali, ambako leo ni Bulgaria. Hakuwa mtoto wa ukoo mkubwa, hakusomea uanazuoni, hakuwa mwanajeshi. Alianza kazi kama karani wa posta na telegrafu mjini Edirne. Kwa kupinga utawala wa Sultan Abdulhamid II alifungwa, kisha akahamishiwa Salonica (leo Thessaloniki, Ugiriki), na huko nako akapata kazi posta. Mwaka 1906 yeye na wenzake wakaunda chama cha siri mjini humo, ambacho mwaka uliofuata kiliungana na wapinzani waliokuwa Paris. Hapo ndipo ilipopata nguvu Kamati ya Umoja na Maendeleo, hao tunaowajua kama Vijana wa Kituruki.

Julai 1908 maofisa wa jeshi waliokuwa Makedonia wakaasi, na sultani akalazimika kuirudisha katiba iliyokuwa imefungiwa kabatini tangu 1878. Naomba msiipite haraka sehemu hii. Watu walishangilia mitaani pamoja, Waislamu, Waarmenia, Wagiriki na Wayahudi. Chama kikuu cha Waarmenia, Dashnak, kikashirikiana na Kamati. Katika jaribio la kuipindua Kamati Aprili 1909, mbunge na mwandishi Mwarmenia Krikor Zohrab alimficha nyumbani kwake Halil Bey, mmoja wa vigogo wa Kamati. Mwezi huo huo Waarmenia wapatao 20,000 waliuawa Adana na viunga vyake. Hata baada ya damu hiyo, viongozi wengi wa Kiarmenia waliendelea kuamini katiba. Hao ndio watu ambao miaka sita baadaye wataitwa wasaliti.

Kilichobadilisha kila kitu ni Vita vya Balkan vya 1912 na 1913. Ndani ya wiki chache dola ilipoteza karibu ardhi yake yote ya Ulaya, Salonica ikiwemo, mji ambao Kamati ilizaliwa. Waislamu kwa mamia ya maelfu walikimbia, wengine waliuawa njiani, misikiti ya Istanbul ikajaa wakimbizi. Mateso hayo yalikuwa ya kweli, na anayeandika habari za Waarmenia bila kuyataja hajaandika historia kamili. Lakini wapo wakimbizi waliolia na kuanza maisha upya, na wapo wanasiasa waliofanya machungu yale kuwa sera.

Januari 23, 1913 Enver, ofisa wa jeshi na kigogo wa Kamati, pamoja na Talaat waliongoza kundi la watu kuvamia ofisi za serikali. Waziri wa Vita Nazım Pasha akapigwa risasi na kufa papo hapo, Waziri Mkuu mzee Kâmil Pasha akalazimishwa kuandika barua ya kujiuzulu. Juni mwaka huo Waziri Mkuu aliyemfuata naye akauawa, Kamati ikapata sababu ya kuwakamata wapinzani wote. Kuanzia hapo dola ya karne sita ikawa mikononi mwa chama kimoja. Enver alichukua jeshi, Cemal jeshi la majini na baadaye Syria, Talaat wizara ya ndani, maana yake polisi, magavana, sensa na makazi.

(Naendelea chini.)

Kabla hata ya vita vikuu, wizara ya Talaat ilikuwa na idara ya kuwapatia makazi wahamiaji na makabila. Kwa jina ni idara ya huruma, ya kutafutia wakimbizi mahali pa kulala. Kazi yake hasa ikawa kuhesabu nani anaishi wapi, anaongea lugha gani, anasali wapi. Katika nusu ya kwanza ya 1914, Wagiriki zaidi ya laki moja walifukuzwa pwani ya Aegean kwa vitisho na mashambulizi ya magenge, huku serikali ikisema haihusiki. Lilikuwa jaribio la njia iliyokuja kutumika kwa upana zaidi.

Agosti 2, 1914 mkataba wa siri na Ujerumani ukasainiwa, mawaziri wengi wakiwa hawana habari. Oktoba 29 meli za kivita chini ya kamanda Mjerumani zikapiga bandari za Urusi katika Bahari Nyeusi, na dola ikaingia vitani. Novemba 14 ikatangazwa jihadi, na Wajerumani wakausambaza wito huo hadi huku kwetu Afrika Mashariki ya Kijerumani, ambako askari wao wengi walikuwa Waislamu. Majira ya baridi yale yale Enver akapeleka jeshi milimani Sarıkamış kupigana na Warusi kwenye theluji. Makumi ya maelfu ya askari walikufa, wengi kwa baridi na tifasi kuliko kwa risasi. Enver alirudi mji mkuu, na hakuna aliyemwajibisha. Lawama zikatafutiwa mtu mwingine wa kuzibeba.

Februari 1915 askari wa Kiarmenia waliokuwa kwenye jeshi la Uthmaniya wakanyang'anywa silaha na kuwekwa kwenye vikosi vya kubeba mizigo na kuchonga barabara. Wengi wao waliuawa huko huko. Aprili 20 Waarmenia wa Van, mji wa mashariki, wakajifungia mitaa yao na kupigana, baada ya viongozi wao kuuawa na vijiji vya jirani kuanza kuchinjwa. Usiku wa Aprili 24 polisi mjini Istanbul wakapita nyumba kwa nyumba kuwakamata waandishi, madaktari, mapadri, wabunge na walimu wa Kiarmenia, zaidi ya 200, wakawasafirisha hadi Ayaş na Çankırı. Wachache sana walirudi.

Mei 27 ikatoka sheria ya muda ya kuhamisha watu. Bunge lilikuwa limefungwa, hivyo hapakuwa na mjadala. Ukiisoma, neno Waarmenia halimo. Inasema makamanda wanaweza kuhamisha watu wanaoshukiwa ujasusi na uhaini. Karatasi hiyo moja ikatosha kuondoa watu wa mikoa mizima.

Yaliyofuata yalifanana kutoka mji hadi mji. Tangazo linabandikwa, familia zinapewa siku chache. Wanaume wanatengwa, wanapelekwa nje ya mji na kuuawa. Wanawake, wazee na watoto wanaanza kutembea kuelekea kusini, kwenye jangwa la Syria. Njiani wanasubiriwa na vikundi vya Shirika Maalumu, jeshi la siri la chama lililokuwa chini ya watu kama Dk. Bahaeddin Şakir, na ndani yake wamo wafungwa waliotolewa magerezani kwa kazi hiyo. Wasichana walichukuliwa, watoto wakagawiwa majumbani na kupewa majina mapya, mito ya Frati na Tigrisi ikabeba maiti kwa wiki nyingi. Waliofika Deir ez-Zor, mji wa jangwani Syria, wakiwa hai walidhani wamefika mwisho wa safari. Mwaka 1916 gavana wa hapo, aliyewaacha waishi, akaondolewa, akaletwa mwingine aitwaye Salih Zeki, na katika miezi michache watu zaidi ya laki moja wakauawa kandokando ya mto Khabur na maeneo ya jirani.

Talaat hakuwa huko jangwani. Alikuwa Istanbul, na nyumbani kwake alikuwa na mashine ya telegrafu aliyojua kuiendesha kwa mikono yake. Balozi wa Marekani Henry Morgenthau aliiona. Yule karani wa posta alikuwa anaongoza magavana usiku na mchana bila kupita kwa katibu yeyote. Telegramu zake zinauliza ni wangapi wameondoka, wangapi wamebaki, nyumba ngapi ziko wazi. Wanahistoria, akiwemo Mturuki Taner Akçam, wameonyesha nyaraka zenye agizo kwamba popote Waarmenia watakapowekwa wasizidi asilimia 10 ya Waislamu wa eneo hilo. Ukipeleka watu zaidi ya laki tisa kwenye eneo la jangwa na masharti hayo, unajua kabisa hawataenea. Njia pekee ya kutimiza asilimia hiyo ni wafe.

Na habari ya Zohrab, ambayo ndiyo inayonishika koo kila nikiisoma. Zohrab na Talaat walikuwa wakikutana klabu na kucheza karata. Alipoanza kuona wenzake wanakamatwa alimwendea Talaat ana kwa ana akamtaka maelezo. Mapema Juni 1915 naye akakamatwa, akapelekwa kusini, na Julai akauawa karibu na Urfa pamoja na mbunge mwenzake Vartkes. Mtu aliyehatarisha maisha kumficha kigogo wa Kamati alikufa kwa amri za Kamati.

Mkuu mmoja ameandika: "Kwenye vita kila serikali ingefanya hivyo, Waarmenia walishirikiana na Urusi."

Ni kweli kulikuwa na vikosi vya kujitolea vya Waarmenia upande wa Urusi, wengi wakiwa Waarmenia wa Urusi na baadhi waliovuka kutoka Uthmaniya. Silipingi hilo. Lakini Waarmenia wa Ankara walikuwa mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Urusi, wengi Wakatoliki na wasemaji wa Kituruki, nao wakaondolewa. Waarmenia wa İzmit, Bursa na Edirne je, walikuwa mpaka gani na Warusi? Na mtoto wa miaka minne ana uhaini gani?

Tena serikali yenyewe ilikuwa na watu waliokataa. Celal Bey, gavana wa Aleppo kisha Konya, alipinga na kuwazuia wahamishwaji wasipelekwe jangwani hadi alipofukuzwa kazi. Mazhar Bey wa Ankara alikataa, akafukuzwa. Faik Ali Bey wa Kütahya aliwalinda Waarmenia wa mkoa wake. Hüseyin Nesimi, mkuu wa wilaya ya Lice, alikataa amri ya gavana wa Diyarbakır, Dk. Reşid, akaitwa mkoani na kuuawa njiani. Wote hawa ni Waislamu, maofisa wa dola hiyo hiyo, kwenye vita hivyo hivyo. Kwa hiyo hoja ya kwamba hapakuwa na njia nyingine imeshajibiwa na watu waliokuwa na cheo na waliojua gharama yake.

Hii inamjibu pia ndugu aliyeuliza kama uzi huu ni wa kuuchafua Uislamu. Hapana, ndugu yangu. Mwaka 1917 Sharifu Hussein, mlinzi wa Makka, aliandika barua akiwaagiza watu wake wawalinde Waarmenia waliofika katika ardhi za Waarabu kama wanavyolinda nafsi zao na watoto wao. Faiz el-Ghusein, mwanasheria Mwarabu aliyefungwa Diyarbakır, aliandika alichokiona na akasisitiza kuwa dini haikuamrisha hayo. Familia nyingi za Waarabu na Wakurdi zilificha watoto. Waliohusika walikuwa chama, na chama kilikuwa na majina.

Sasa niyaunganishe haya na suala la kuanguka kwa dola, maana naona wengine wanaona ni mada mbili tofauti.

Waarmenia walikuwa wakulima, wahunzi, waokaji, wafamasia, madaktari na mafundi wa reli wa nchi ile. Mikoa ya mashariki ilipowapoteza, mashamba yakabaki bila wavunaji katika mwaka ambao jeshi linahitaji nafaka kuliko wakati wowote. Reli ya Baghdad ndiyo ilikuwa njia ya kupeleka askari na silaha Iraki na Palestina, na handaki zake katika milima ya Amanus zilikuwa hazijakamilika. Wahandisi Wajerumani walikuwa na maelfu ya vibarua na mafundi Waarmenia pale. Juni 1916 serikali ikaja kuwachukua na kuwapeleka kwenye kifo, Wajerumani wakapiga kelele kwamba kazi itasimama, na ikasimama kweli. Serikali iliyokuwa inapigania uhai wake ilichagua kuua mafundi wa reli yake yenyewe. Nikitakiwa kutoa ushahidi mmoja tu wa hoja yangu, nautoa huu.

Kisha mali. Septemba 1915 ikapitishwa sheria ya mali zilizoachwa. Nyumba, maduka, mashamba na akiba benki vikawekwa chini ya tume. Katika Seneti alisimama Ahmed Rıza, mmoja wa waasisi wa harakati za Vijana wa Kituruki, akasema mali hizo haziwezi kuitwa zilizoachwa kwa sababu wenyewe hawakuziacha kwa hiari. Hakusikilizwa. Sehemu ilikwenda kwa wakimbizi wa Balkan, sehemu kwa jeshi, na sehemu kubwa kwa wenye ushawishi wa kila mji. Morgenthau anasimulia kwamba Talaat alimwomba hata orodha ya Waarmenia waliokatiwa bima ya maisha na kampuni za Marekani, kwa hoja kuwa wamekufa bila warithi hivyo fedha ni za serikali.

Wakati huo huo Syria, Cemal alikuwa ananyonga viongozi wa Kiarabu hadharani, Beirut na Damascus, Mei 6, 1916. Mwezi mmoja baadaye Hijaz ikaasi. Raia wa kila jamii walishaona kuwa chama kikikutilia shaka, hakuna katiba wala utii utakaokuokoa. Baghdad ikaanguka Machi 1917, Jerusalem Desemba.

Talaat alikuwa Waziri Mkuu tangu Februari 1917. Urusi ilipoporomoka, mkataba wa Brest-Litovsk wa Machi 1918 ukampa Kars, Ardahan na Batum, na Kamati ikaona imepata mlango wa Asia ya Kati. Majeshi yakapelekwa Baku, yakaingia mjini Septemba 15, 1918. Siku nne baadaye Waingereza wakavunja safu ya ulinzi ya Uthmaniya Palestina. Bulgaria ikasalimu amri mwisho wa Septemba, njia ya kwenda Ujerumani ikakatika. Talaat akajiuzulu Oktoba, na Oktoba 30 mkataba wa kusitisha vita ukasainiwa Mudros. Mapema Novemba yeye, Enver, Cemal na wenzao wakatoroka usiku kwa chombo cha Wajerumani.

Aliyeuliza kama Talaat aliwahi kushtakiwa: ndiyo, na serikali ya Uthmaniya yenyewe. Mahakama ya kijeshi ya Istanbul ilisomewa telegramu na kusikiliza maofisa, na Julai 5, 1919 ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Ujerumani haikumrudisha. Aliishi Berlin, mtaa wa Hardenbergstrasse, kwa jina la bandia. Machi 15, 1921 kijana Mwarmenia, Soghomon Tehlirian, akampiga risasi mtaani mchana. Juni mwaka huo kesi ilichukua siku mbili, baraza la wazee wa mahakama likakaa zaidi kidogo ya saa moja na kumwachia huru. Ushahidi wake kwamba alishuhudia mama yake akiuawa haukuwa sahihi, wakati huo alikuwa na vikosi vya upande wa Urusi, na alikuwa ametumwa na kikundi kilichopanga kuwasaka viongozi wa Kamati. Familia yake, hata hivyo, iliangamia kweli.

Kuna kijana mwingine aliyefuatilia kesi ile kutoka Lwów, mji uliokuwa Poland wakati huo, Raphael Lemkin, Myahudi wa Poland. Kwa maelezo yake mwenyewe, alimuuliza mwalimu wake kwa nini Talaat hakukamatwa kwa kuua watu wengi namna ile, akaambiwa hapakuwa na sheria ya kumkamata, serikali ina mamlaka juu ya watu wake. Lemkin alitumia maisha yake kupigania sheria hiyo, na Desemba 9, 1948 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari. Hukumu ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kwa kosa hilo ilitolewa hapa hapa Arusha, Septemba 2, 1998, dhidi ya Jean-Paul Akayesu. Siku mbili baadaye Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya 1994, akahukumiwa kifungo cha maisha baada ya kukiri. Alikuwa kiongozi wa kwanza wa serikali kuhukumiwa kwa mauaji ya kimbari. Ndicho cheo alichokuwa nacho Talaat.

Na mkuu anayesema idadi zimetiwa chumvi: wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa kati ya laki sita na milioni moja na nusu, wengi wakisimama karibu na milioni moja. Usipowaamini, chukua daftari la Talaat mwenyewe, lililotunzwa na familia yake na kuchapishwa Uturuki 2008. Linaonyesha Waarmenia takriban 1,256,000 kabla ya vita na takriban 284,000 mwaka 1917. Aliyeandika tarakimu hizo hakuwa adui wa Uturuki.

Waashuri, jamii nyingine ya Wakristo, na Wagiriki wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, sijawagusa hapa na wanastahili nafasi yao. Nitaandika kuhusu Diyarbakır ya Dk. Reşid kwenye bandiko lijalo, kwa sababu kule Waashuri waliuawa pamoja na Waarmenia hata baada ya Talaat kutuma telegramu Julai 1915 kuagiza Wakristo wengine wasiguswe, na Reşid hakuondolewa kazini kwa kuikaidi.